Fundi wa Taa na Nyimbo Kumi za Wenyewe

Kuanzia Muhuta hadi Kabonga, hakuna mwanamke anayezijua taa za uvuvi kumshinda mwandishi wa habari hii. Mwaka juzi aliizima moja kwa kuipuliza. Ilikuwa ya betri. Alipuliza mpaka akaona nyota za mchana, ndipo mwenye taa akamhurumia, akabonyeza kitufe. Basi habari za taa tumwachie fundi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufukoni Rumonge, Radjabu Bilali amepiga magoti mbele ya taa kumi na nne. Amezipanga juu ya gunia kama watoto wa madrasa. Zote zimerudi kutoka ziwani muda si mrefu, zina magamba ya ndagala, wale dagaa wa hapa, na matone ya maji, na tatu kati yake ni vipofu.

"Hii imekunywa maji," anasema akiitikisa karibu na sikio. "Hii waya imekatika. Na hii…" Anainusa. "Hii haina ugonjwa. Wameiangusha, sasa wanaogopa kusema."

Mvuvi aliyeileta anageuka kutazama ziwa, kama kuna mtu anamwita huko majini.

Radjabu ana miaka sitini na mmoja. Alianza kutengeneza taa zikiwa bado karabai za mafuta, zile zenye kupigwa pampu, na nyusi zake za kushoto hazijawahi kuota vizuri tangu enzi hizo. Leo taa ni za betri. Kibanda chake kina meza moja, bisibisi sita, redio ya mkulima, na chini ya meza liko boksi gumu lililochapwa LUXERI kwa herufi nyekundu. Lilikuja na taa za betri, taa zikaisha, boksi likabaki. Amelifunga kwa mpira wa baiskeli. Ukilinyooshea mkono, ananguruma.

"Vipuri," anasema. Vipuri gani, hasemi.

Ukutani linaning'inia gitaa. Nyuzi nne ni za dukani. Mbili zimechomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli, na ukimsikiliza utajua ni zipi, kwa sababu ndizo zinazolia kama mtu aliyeonewa.

"Ndizo nazipenda zaidi," anasema. "Za dukani ziko na adabu mno."

Gitaa hilo ndilo lililomleta mwandishi hapa. Jumamosi hii, redio ya jamii ya Rumonge itapiga albamu ya Radjabu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inaitwa *Za Wenyewe*. Ina nyimbo kumi, zote za bluzi na jazi za zamani za Amerika. Yeye na mwenzake wamezipiga kwa mtindo wa roki, ile roki ya kizamani yenye udongo kwenye mizizi: gitaa, ngoma, na koo la mtu aliyeamka mapema.

Hakuna wimbo wake hata mmoja. Hilo anakwambia kabla hujamuuliza.

"Mimi niko fundi, mama. Taa si yangu, naitengeneza, narudisha kwa mwenyewe. Wimbo pia si wangu, naimba, narudisha kwa mwenyewe. Kazi ni ileile."

Anavyolisema neno "mwenyewe", utadhani yuko mbele ya hakimu. Na kweli, karibu yuko.

Miaka thelathini na saba iliyopita, Radjabu akiwa kijana wa viatu vya mchongoko, alialikwa kuimba harusini kwa Zubeir, ambaye leo ni mzee mwenye ekipe mbili za uvuvi, yaani vikosi viwili vya mitumbwi na wavuvi wake. Radjabu alisimama akasema ametunga wimbo maalumu kwa ajili ya bibi harusi. Akaimba. Bibi harusi akalia. Mama wa bibi harusi akalia zaidi. Zubeir, kwa furaha, akamtunuku mbuzi.

Wiki mbili baadaye wimbo uleule ukatoka redioni, kutoka ng'ambo ya ziwa, ukiimbwa na bendi ya Wakongo, na jina la bibi harusi lilikuwa jingine.

"Mke wangu aliniuliza, 'Huyu Mariamu ni nani?'" anasema Mzee Zubeir, na mpaka leo akisimulia mishipa ya shingo inamsimama. "Nilikuwa na wiki mbili tu za ndoa! Nifanye nini? Nilikwenda kumdai mbuzi. Alikuwa ameshamla."

Zubeir hakumpiga. Alimpa jina. Alisimama sokoni akamwita Radjabu Zawenyewe, yaani mtu wa vitu vya wenyewe, na jina likamnata kama mawese kwenye shati jeupe. Watoto wa Radjabu walisoma shule wakiitwa wana wa Zawenyewe. Mkewe Hadjara, anayeuza ndagala zilizokaushwa, huulizwa na wateja wapya: "Wewe si muke wa Zawenyewe?"

"Nawajibu, egome, ndiye mimi, na ndagala hizi pia nimeziiba, kwa hiyo nunua haraka," anasema Hadjara.

Anacheka, lakini mumewe hacheki. Tangu harusi ile Radjabu hakusimama tena mbele ya watu na gitaa. Alipiga peke yake, kibandani, kwa sauti ya chini, akizichokoza nyimbo za kaseti moja.

Kaseti hiyo alipewa na makanika wa meli ya mizigo aliyetengenezewa karabai. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, imeandikwa kwa kalamu ya wino majina ya nyimbo na majina ya wenye nyimbo. Mwandishi ameishika karatasi hiyo. Ina mistari tisa. Kona yake ya chini haipo.

"Mende," anaeleza Radjabu. "Walikula kona. Hapo palikuwa na wa kumi."

Nyimbo zile hakuelewa hata neno. Kiingereza chake, anakiri, ni *yesi*, *noo*, na jina la kiwanda lililoandikwa chini ya taa. Lakini alielewa kitu kingine.

"Hawa watu wa bluzi wanalia, lakini hawaombi msaada. Umeona? Mutu analia, na mguu wake unapiga chini, pa, pa, pa. Hapana kulia kwa kulala. Analia amesimama. Nikasema, hawa nawajua. Hawa ni watu wa ufukoni."

Mwaka jana, mwalimu wa Kiingereza anayeitwa Kaoutar alileta tochi yake kutengenezwa. Akamkuta fundi akiimba maneno ya ajabu, akamuuliza anaimba lugha gani. "Kiingereza," akasema Radjabu. "Hapana, mzee," akasema mwalimu. Ndivyo urafiki wao ulivyoanza.

Kaoutar alikaa na kaseti ile, akazitafsiri nyimbo moja moja. Kuna mwanamume aliyeachwa kituo cha treni. Kuna mto uliofurika ukachukua nyumba na kuku. Kuna mwanamke anayecheza dansi mpaka wanamuziki wanachoka wao. Mwalimu, kwa kuwa ni kijana, alishauri treni igeuzwe kuwa mtumbwi, maana Burundi treni hatuna.

Radjabu alikataa katakata.

"Alinambia, 'Treni iache treni, mwalimu,'" anakumbuka Kaoutar. "'Ukiigeuza kuwa mtumbwi, umeshaiba kidogo. Mimi sigusi kitu cha mtu, hata kuku mmoja kwenye ule mto.' Kwa hiyo kwenye albamu treni ni treni, mto ni mto wao, na baridi ni baridi yao, yenye theluji. Tulibishana siku mbili kuhusu theluji. Theluji ikabaki."

Ilibaki shida moja: umeme. Mahali pa kurekodia palipatikana, kibanda cha kukamulia mawese cha Leonsi, mkamuaji wa hapa mjini ambaye pia hupiga ngoma kwa bidoni tatu, madumu ya mafuta, na kanyagio la cherehani. Kuta zake wamezijaza magunia ya makapi ya ngazi, yaani chikichi, na makapi hayo yanameza mwangwi kuliko studio yoyote. Kompyuta ilikuwa ya mwalimu. Lakini umeme ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyejua anataka nini, na jenereta ya Leonsi ilikuwa inalala kwa kukosa petroli.

Rumonge nzima kulikuwa na betri za kutosha kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Zubeir.

Mzee Zubeir ana taa kumi na nne na betri zake. Usiku ziko ziwani, mchana zinachajiwa kwa jua. Ila mwezi ukijaa zinakaa bure. Mtu asiyekulia hapa aelezwe: ndagala hufuata mwanga. Giza likiwepo, taa inawaita, wavu unawabeba. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote ni taa, ndagala hawajui waende wapi, wanatawanyika. Basi siku saba nane za mwezi mpevu, mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na wanaume wanarudi nyumbani kugundua kwamba watoto wamekua. Mtoto wa miaka minne wa Rumonge anajua hayo kabla ya kujua kufunga vifungo.

Kwa fundi, siku hizo ni za njaa. Taa moja ikipona humpa faranga elfu tatu, lakini mwezi ukijaa haji mtu. Radjabu akafikiri: betri zimelala, na mimi nimelala. Akavaa kofia, akaenda kwa mtu aliyempa jina.

Leonsi alikuwepo, na anasimulia kama mechi ya mpira.

"Amahoro, muzee," Radjabu alisema.

"Amahoro. Umeleta mbuzi?"

"Nimekuja kuazima betri."

"Yoo! Mbuzi hujarudisha, unataka na betri?"

Radjabu akamweleza yote: kaseti, karatasi, mwalimu, treni. Zubeir akasikiliza akiwa ametazama vidole vya miguu yake. Mwishoni akasema hivi, na Leonsi anaapa ni neno kwa neno:

"Betri nakupa. Kila mwezi mpevu, siku moja. Lakini kila wimbo utajwe na mwenyewe wake, redioni, mbele ya watu. Na siku nikisikia wimbo umetajwa kwa jina la mutu asiye mwenyewe, taa zangu zote kumi na nne nazipeleka kwa fundi wa Magara. Hilo moja. La pili, mbuzi sijamsahau."

Taa za Zubeir ni zaidi ya nusu ya kazi ya Radjabu. Akakubali papo hapo.

Hivyo ndivyo albamu ilivyotengenezwa: mwezi mpevu mmoja, wimbo mmoja. Miezi kumi, nyimbo kumi. Betri zilibebwa kwa toroli asubuhi, zikarudishwa jioni. Tarumbeta ya jazi haikupatikana mjini, kwa hiyo Leonsi aliiimba kwa pua, ameibana kwa vidole viwili. Msikilizaji asiyeambiwa hatajua. Aliyeambiwa hatasahau.

"Nyimbo tisa nilizitafsiri mimi," anasema mwalimu Kaoutar. "Wa kumi alikuja nao ameshauandika kwa Kiswahili. Alisema huo aliuelewa mwenyewe."

Msomaji, hesabu. Mwandishi alihesabu pia, akanyamaza, kwa sababu chai ilikuwa inakuja na haifai kumuudhi mwenye chai.

Jumamosi, saa tisa alasiri. Ni siku ya pili ya mwezi mpevu, na redio imeichagua kwa makusudi. Mitumbwi imelala mchangani, nyavu zimetandazwa, na nusu ya wanaume wa Rumonge hawana pa kwenda. Wamejaa kibandani kwa Radjabu na nje yake. Redio iko juu ya meza, imeunganishwa na spika kubwa kuliko mlango. Mzee Zubeir ameletewa kiti. Mezani, taa zake kumi na nne zimepangwa, safi, zinang'aa kama zinakwenda harusini.

Radjabu amevaa shati jeupe. Amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mtuhumiwa anayesubiri kusomewa.

"Wimbo wa kwanza," inasema sauti ya Joanita, mtangazaji, halafu inataja mwenye wimbo, jina refu la mtu aliyekufa zamani sana mbali sana. Zubeir anatikisa kichwa kukubali, mara moja. Gitaa linaingia, waya wa breki unalia, bidoni za Leonsi zinajibu, na treni ya watu inaondoka kituoni katikati ya Rumonge.

Kufikia wimbo wa tatu, miguu inapiga mchanga. Wa nne, ule wa tarumbeta, watu wanamtazama Leonsi puani. Wa sita, wa mto, mama mmoja aliyenyang'anywa nyumba na ziwa lilipopanda miaka ile anajifunika uso kwa kikwembe, na mguu wake bado unapiga chini. Kila wimbo una jina la mwenyewe. Kila jina, Zubeir anatikisa kichwa. Wa saba. Wa nane. Wa tisa.

"Anaweza!" anapiga kelele mvuvi mmoja. "Zawenyewe anaweza, sha!"

"Kimya, bado mmoja," anasema Zubeir.

"Na wa kumi, wa mwisho," anasema Joanita. "Wimbo wake Jimi Luxeri, wa Amerika."

Gitaa linaanza polepole, halina haraka, kama mtu anayefungua mlango asimwamshe mtu. Kisha sauti ya Radjabu inaingia redioni, kwa maneno ya mwanamke:

*Ulibeba taa, ukanambia waenda ziwani,*
*Lala mke wangu, kesho nakuletea ndagala.*
*Nikafungua dirisha, nikatazama juu,*
*Mwezi umejaa kama sinia ya harusi.*
*Nani anavua mwezi ukijaa, baba?*
*Nani anavua mwezi ukijaa?*

Halafu kicheko kinaanza mlangoni, kinatoka nje, kinafika kwenye mitumbwi, na wanawake ndio wanaocheka zaidi, tena wanacheka wakitazama waume zao. Kiitikio kikirudi mara ya pili, ufuko wote unakiimba. *Nani anavua mwezi ukijaa, baba?* Mara ya tatu hata Mzee Zubeir midomo inacheza. Wimbo unapokwisha watu wanapiga makofi kuliko nyimbo tisa zote zikiwekwa pamoja.

Zubeir hapigi makofi. Anasimama.

"Radjabu. Huyu Jimi ni mutu wa wapi?"

"Amerika, muzee."

"Amerika upande gani?"

"Upande wa… ziwani."

"Wanavua na taa?"

"Wanavua."

"Ndagala?"

"Ndagala zao. Kubwa kidogo."

Watu wanashikana mabega wasianguke. Zubeir hacheki.

"Na mwezi ukijaa, wanavuta mitumbwi nchi kavu?"

"Mwezi uko mmoja, muzee. Wa kwetu ndio wa kwao."

"Sikia, wewe. Kwenye wimbo wa kwanza treni umeiacha treni. Wa sita, mto wao na kuku wao. Wa nane nimesikia baridi ya huko inaanguka kama unga, na hukuitoa. Ulinambia hugusi cha mutu. Sasa huyu Jimi, ndagala nani amemtilia?"

Radjabu anachukua taa moja mezani, anaiangalia kama imeharibika.

Hapo Hadjara, aliyekuwa mlangoni na birika la chai, anaamua kumsaidia mumewe, au kummaliza. Kwa watu walioishi pamoja miaka mingi ni vigumu kujua.

"Si Jimi," anasema. "Maneno hayo nimeyasema mimi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kabla ya harusi ya Mzee Zubeir. Huyu alibeba karabai begani, akanambia anakwenda ziwani na ekipe. Kumbe gitaa limefichwa kwenye baiskeli, anakwenda Magara kupiga muziki. Mimi baba yangu mvuvi, babu yangu mvuvi, nimezaliwa Kabonga, mtu ananidanganya na mwezi uko juu kama sinia! Nilisimama mlangoni kwetu nikamuuliza, 'Nani anavua mwezi ukijaa, baba?' Akarudi ndani. Akalala na viatu."

"Muke wangu," anasema Radjabu kwa upole, "pengine na huyo Jimi alikuwa na muke."

"Kutoka Kabonga?"

Mzee Zubeir anainua mkono, na kelele zinashuka. Anaongea taratibu, maana anajua kila mtu anasikiliza.

"Radjabu. Jina hilo nilikutia mimi, na ni mimi naweza kulitoa. Miaka thelathini na saba nimesema huna wimbo, una za wenyewe. Leo nimesikia wimbo. Ukisema ni wako, mbuzi amekwisha, hatumtaji tena. Taa zinabaki. Na jina Zawenyewe nalizika hapa mchangani, mbele ya batu hawa wote. Nakuuliza mara moja tu. Ni wako?"

Radjabu anatazama taa kumi na nne. Anatazama gitaa. Jasho limeshuka mpaka kwenye zile nyusi zisizoota. Yeyote aliye na macho anaona kinachomzunguka kichwani: mara ya mwisho aliposema mbele ya watu "wimbo huu nimetunga mimi", ilimgharimu nusu ya maisha. Sasa aseme tena? Na redio imeshasema Jimi. Akiri, atakuwa ametaja asiye mwenyewe, na Zubeir akigeuza ahadi, taa si zitakwenda Magara?

"Ni wa Jimi," anasema. "Naap…"

"Usiape," anasema Hadjara.

"Sitaapa. Lakini ni wa Jimi. Alikuwa kwenye ile kona waliyokula mende."

Zubeir anakaa. "Sawa. Basi umeimba vizuri wimbo wa mutu," anasema, na kwa mara ya kwanza anaonekana mzee kweli.

Hapo simu inalia. Ni Joanita, kutoka studio. Watu wa pwani nzima wanapiga, anasema, wanataka wimbo wa kumi urudiwe, na yeye anataka kumuuliza fundi maswali mawili moja kwa moja hewani. Radjabu anaweka simu mezani, sauti juu, kila mtu asikie. Redio inazimwa isipige mwangwi.

"Muzee Radjabu, hongera! Murakoze sana kwa albamu. Wasikilizaji wanauliza, baada ya hii, mpango wenu ni nini?"

Hapa Radjabu anabadilika. Mabega yanapanda, shati jeupe linajaa mtu. Swali la jana limemtoa jasho, lakini swali la kesho, amelisubiri tangu akiwa kijana wa viatu vya mchongoko.

"Mpango uko," anasema, na sauti yake ni ile ya kwenye nyimbo. "Nimeshasema na Leonsi. Mwezi mpevu ujao tunaanza albamu ya pili. Tutaipiga vizuri kuliko hii, na tarumbeta tutatafuta ya kweli."

"Samahani?" anasema Leonsi.

"Na nyimbo zitakuwa za nani safari hii?" anauliza Joanita.

"Za Jimi Luxeri. Zote. Kuna ya mwanamke anayekausha ndagala na mvua inakuja. Kuna ya mkamuaji wa mawese anayependa mtoto wa jirani. Kuna ya mtu aliyepewa jina baya, akalibeba mpaka likawa jepesi. Hiyo ni nzuri sana, mama. Hiyo nikiipiga peke yangu hapa, mpaka leo nalia."

"Mungu wangu! Ziko ngapi?"

"Kumi na moja," anasema Radjabu, na ni fahari ndiyo iliyomponza, maana angeweza kusema hajui.

Nyuma yake, Hadjara ameshaweka birika chini. Ameinama chini ya meza, amefungua mpira wa baiskeli, na ameliinua boksi la vipuri. Hakuna kipuri hata kimoja. Kuna karatasi, nyingi, zimeandikwa kwa mkono ambao kila mwenye taa Rumonge anaujua, kwa sababu ndio unaoandika majina yao kwenye vibandiko. Analigeuza boksi taratibu, mpaka herufi nyekundu za LUXERI zinamtazama Mzee Zubeir usoni, naye Mzee Zubeir anaanza kutetemeka mabega kwa kicheko, kwanza kidogo, kisha kiti kizima.

"Radjabu," anasema Hadjara, kwa sauti ya mlangoni, ileile ya mwaka wa kwanza. "Kona moja ya karatasi. Mende walikula nyimbo kumi na mbili?"

Simu ilikuwa bado hewani.